Kula Katika Mgahawa wa Hadhi Nchini Italia: Mwongozo kwa Msafiri

Nchini Italia, jina lililoandikwa juu ya mlango wa mgahawa halitoshi kumjulisha mgeni hadhi yake. Zamani mambo yalikuwa wazi: ristorante ilikuwa ya vitambaa vyeupe na wahudumu waliosomea kazi, trattoria ilikuwa ya familia na bei ya wastani, na osteria ilikuwa ya kunywea mvinyo, chakula kikiwa cha kusindikizia tu. Siku hizi mipaka hiyo imefutika. Osteria Francescana ya mjini Modena, ya mpishi Massimo Bottura, ina nyota 3 za mwongozo wa migahawa wa Michelin na ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya migahawa 50 bora duniani mwaka 2016 na tena mwaka 2018. Enoteca Pinchiorri ya Firenze nayo, kwa jina, ni duka la mvinyo. Kinachosema kweli ni orodha ya vyakula na bei, ambayo kwa mujibu wa sheria hutakiwa ionekane hata na aliye nje, kwa hiyo mara nyingi huwekwa kando ya mlango na kwenye tovuti. Mahali ambapo sahani moja ya tambi inauzwa euro 25 na kuendelea, na menyu ya kuonja inaanzia euro 100 au zaidi kwa mtu mmoja, hapo ndipo mambo yanayoelezwa humu yanapohusika zaidi. Katika migahawa ya nyota 3, menyu hiyo mara nyingi hupita euro 250 kabla ya kinywaji chochote.

Meza katika migahawa ya namna hii haipatikani kwa kupita tu na kubisha hodi. Huwekwa mapema: siku chache kabla kwa mgahawa mzuri wa kawaida, wiki kadhaa kwa wenye nyota, na miezi kwa ile inayojulikana dunia nzima. Njia ni tovuti ya mgahawa wenyewe, mtandao wa kuhifadhi meza kama TheFork, au mapokezi ya hoteli anakolala mgeni. Mapokezi ya hoteli nzuri huweza kupata meza ambayo tovuti inasema imeisha, kwa sababu hupiga simu na kuzungumza na mtu. Mingi ya migahawa hii huomba namba ya kadi ya benki na hutoza faini kwa asiyefika au anayefuta miadi ndani ya saa 24 au 48 kabla ya mlo. Kadi nyingi zinazotolewa Afrika Mashariki hufungwa kwa malipo ya mtandaoni au ya nje ya nchi hadi mwenyewe aombe zifunguliwe, hivyo jambo hilo humalizwa na benki kabla ya safari. Kulishughulikia mgeni akiwa Roma, benki ya nyumbani ikiwa imefungwa, ni kujitafutia shida.

Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ujumbe unaosema 20:30 unamaanisha saa mbili na nusu usiku. Kosa la kuhesabu hapa humpotezea mgeni meza na kumletea faini ya bure. Chakula cha mchana huanza saa sita na nusu na jiko hufungwa kwenye saa nane na nusu. Cha usiku huanza saa moja na nusu, na Waitalia wenyewe huingia kuanzia saa mbili na nusu, hasa kusini. Kati ya vipindi hivyo viwili mgahawa huwa umefungwa, na hakuna ombi litakalouamsha. Migahawa mingi hupumzika siku moja ya juma, mara nyingi Jumatatu au Jumapili usiku, na mwezi Agosti, katika majuma yanayoizunguka sikukuu ya tarehe 15 iitwayo Ferragosto, mingi ya mijini hufunga kabisa na wenyewe kwenda pwani au milimani.

Wakati wa kuweka meza ndio wakati wa kutaja asichokula mtu. Jiko lililopewa taarifa siku tatu kabla linaweza kupanga mlo mzima bila nguruwe, bila samakigamba au bila ngano. Jiko lililoambiwa mezani, katikati ya msongamano wa usiku, linaweza tu kupunguza kitu kwenye sahani iliyokwisha kupangwa. Idadi ya watu na kuwapo kwa watoto hutajwa pia. Watoto hupendwa Italia, lakini mlo wa saa tatu wenye sahani kumi si burudani yao, na baadhi ya migahawa ya juu husema wazi kuwa haipokei walio chini ya umri fulani.

Kuhusu mavazi hakuna mengi. Koti kwa mwanamume huhitajika katika migahawa michache, hasa ya hoteli kubwa. Kwingine shati safi, suruali ndefu na viatu vilivyofungwa vinatosha. Kitenge kilichoshonwa vizuri, dira au baibui ya mtoko havina tatizo lolote. Kaptura, ndala na fulana ya mpira ndivyo vinavyomtoa mtu nje ya mstari.

Anayeingia husalimu kwanza: buongiorno mchana, buonasera kuanzia jioni. Salamu hii haikwepeki, na anayeanza kwa kusema idadi ya watu bila kusalimu huonekana hana adabu. Kisha mgeni hutaja jina la miadi na kusubiri kupelekwa mezani; hajichagulii kiti hata kama ukumbi mzima uko wazi. Katika baadhi ya migahawa ya kale ya kifahari, aliyeweka meza hupewa menyu yenye bei na wageni wake hupewa isiyo na bei. Wanaolipa kila mtu chake ni vyema waseme mapema ili wote wapate yenye bei.

Mengi ya yanayomtatiza mgeni mezani, na sehemu kubwa ya yanayomshtua kwenye bili, yamo ndani ya menyu hiyo na mpangilio wake. Mlo wa Kiitaliano huja kwa zamu, kila zamu na sahani yake. Kwanza ni antipasto, kionjo cha kufungulia: mboga zilizolowekwa kwenye mafuta ya zeituni, samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, au nyama zilizokaushwa. Hufuata primo, ambayo ni tambi, wali laini wa risotto, supu au madonge madogo ya viazi yaitwayo gnocchi. Ndipo huja secondo, nyama au samaki. Mboga za kuandamana na nyama huitwa contorno, nazo huagizwa na kulipiwa peke yake. Mwisho ni jibini kwa wanaopenda, kisha dolce, yaani kitamu, kisha kahawa.

Kwa mtu aliyezoea kuona wali, mchuzi, mboga na kachumbari vikifika pamoja, zamu ya secondo ndiyo huleta mshangao. Kipande cha samaki hufika kimelala peke yake kwenye sahani pana, na limau pembeni. Si kwamba jiko limesahau, contorno haikuagizwa. Mshangao wa pili ni tambi. Pwani ya Afrika Mashariki tambi ni za sukari na iliki, za futari au za asubuhi ya sikukuu. Ng'ambo ya pili, Waitalia huzila kama zamu kamili inayojitegemea, wala hazibebi nyama ya pembeni. Wenyeji wa Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, ndio pengine wanaoyajua haya kuliko wengine, kwani Waitalia wamekuwa wakifika huko tangu enzi za kituo cha anga cha Kiitaliano cha San Marco, kilichorusha satelaiti yake ya kwanza kutoka pwani hiyo mwaka 1967, na migahawa yao iko hapo hadi leo. Lakini hata Malindi menyu hulegezwa kidogo kwa ajili ya wageni. Italia hailegezwi.

Hakuna anayelazimika kula zamu zote. Wenyeji wenyewe, siku isiyo ya karamu, huagiza mbili: antipasto na primo, au primo na secondo. Antipasto moja kwa watu wawili ni jambo la kawaida. Kisichopendeza katika mgahawa wa hadhi ni kuagiza sahani moja ya tambi kwa watu wawili na maji ya bomba, kukalia meza usiku kucha. Meza hiyo huwa imetengwa kwa wageni hao hadi kufunga, maana migahawa mingi ya aina hii haiuzi meza moja mara mbili kwa usiku mmoja. Uagizaji wa zamu mbili na kitamu ni kiasi cha heshima kwa pande zote.

Katika kuchagua, jambo la kuzingatia ni mkoa. Italia imekuwa nchi moja tangu mwaka 1861, lakini majiko yake hayajaungana hadi leo, na mgahawa mzuri huona fahari katika vya kwao. Milano kuna risotto ya zafarani, na shingo ya mguu wa ndama iitwayo ossobuco, ambayo uloto wake huchokolewa kwa kijiko chembamba. Ni Milano pia ambako Gualtiero Marchesi, mwenye mgahawa wa kwanza nchini kupata nyota 3 katikati ya miaka ya 1980, aliweka karatasi ya dhahabu halisi juu ya risotto hiyo, na sahani ile ikaingia katika historia ya upishi wa nchi. Piemonte kuna nyama ya ndama iliyopoa chini ya mchuzi mzito wa jodari, mchanganyiko unaosikika vibaya na kulika vizuri. Roma ina tambi za jibini la kondoo na pilipili manga. Sicilia, iliyotawaliwa na Waislamu tangu karne ya 9 hadi ya 11, ina caponata ya biringani yenye uchachu na utamu kwa pamoja, na upande wa Trapani ina kuskusi ya samaki. Msafiri wa pwani atajikuta nyumbani zaidi Palermo kuliko Milano. Kuagiza carbonara, ya Roma, katika mgahawa ghali wa Venezia ni kumwomba mpishi afanye asichokipenda.

Menyu ya kuonja, menù degustazione, humwondolea mgeni kazi ya kuchagua: mpishi hutoa sahani ndogo sita, nane au zaidi kwa bei moja. Kwa kawaida meza nzima hutakiwa kuichukua pamoja, na huchukua saa mbili na nusu au tatu. Ni njia nzuri ya kuujua mgahawa wenye nyota, na ina faida isiyosemwa sana, kwamba bei inajulikana tangu mwanzo. Ubaya wake ni kwa anayebagua vyakula vingi. Ikiwa sahani nne kati ya nane zitabadilishwa, ni afadhali kuagiza kimoja kimoja.

Bei inayoumiza ni ile inayohesabiwa kwa uzito. Kando ya samaki mzima, kambakoche na nyama ya kuchoma huandikwa maneno all'etto, maana yake kwa kila gramu 100. Samaki aliyeandikiwa euro 9 anaonekana rahisi kuliko sahani ya tambi iliyo juu yake. Anapoletwa mezani kuonyeshwa, akiwa amelala kwenye sinia la barafu, ana kilo 1 na gramu 200. Hiyo ni mara 12, na euro 9 zimekuwa 108. Mhudumu mwaminifu husema uzito na bei bila kuulizwa. Asiposema, mgeni huuliza pale pale, samaki akiwa bado mbichi, «Quanto pesa?», ana uzito gani, na «Quanto viene?», atagharimu kiasi gani. Mapema mwaka 2018 wanafunzi wa Kijapani waliokula nyama na samaki karibu na uwanja wa San Marco, Venezia, walipewa bili ya zaidi ya euro 1,100. Malalamiko yao yalifika kwa mamlaka, mgahawa ukapigwa faini, na magazeti ya nchi nyingi yakaandika. Mgahawa ule haukuwa wa hadhi hata kidogo, lakini mtego wa bei haubagui hadhi.

Bistecca alla fiorentina, kipande kikubwa cha ng'ombe chenye mfupa wa umbo la herufi T, huuzwa vivyo hivyo, kwa kilo, na mara chache hukatwa chini ya kilo 1. Huliwa na watu wawili au watatu. Hutoka motoni nje ikiwa imeungua na ndani nyekundu, na anayetaka ichomwe hadi ikauke kama nyama choma huambiwa kwa upole achague kitu kingine. Ni kweli: kipande kile kikikaushwa hugeuka ubao wa bei ghali.

Kitu kingine cha mizani ni uyoga wa ardhini uitwao tartufo, hasa mweupe wa Alba, ambao msimu wake ni kuanzia Oktoba hadi Desemba. Huu huuzwa kwa gramu. Katika migahawa ya Piemonte mhudumu huleta mezani mizani ndogo, hupima tartufo mzima mbele ya mgeni, kisha huanza kuukwangua juu ya tambi za mayai zilizopakwa siagi, vipande vyembamba kama karatasi vikidondoka huku harufu ikienea hadi meza ya jirani. Haachi hadi aambiwe basta, yaani inatosha. Kisha hupima tena kilichobaki, na tofauti ndiyo inayoingia kwenye bili. Anayeona haya kusema basta mapema huilipia haya yake.

Kwa Mwislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe au asiyetumia kileo, mgahawa wa Kiitaliano unahitaji macho zaidi ya yale ya kusoma majina ya nyama. Nguruwe wa wazi anatambulika: prosciutto, culatello, speck, mortadella, pancetta, guanciale. Bresaola peke yake, katika jamii hiyo ya nyama za kukaushwa, kwa kawaida ni ya ng'ombe. Aliyejificha ndiye wa kuangaliwa. Carbonara, amatriciana na gricia zote husimama juu ya guanciale, shavu la nguruwe. Ragù ya Bologna, ambayo wengi huidhani nyama ya ng'ombe ya kusaga, kwa desturi huwa na pancetta. Tortellini za Bologna hujazwa nguruwe hata zinapoelea kwenye supu ya kuku. Saltimbocca ya Roma ni ndama aliyefunikwa prosciutto. Mafuta ya nguruwe, strutto, huingia katika baadhi ya mikate na katika gamba la cannoli, na lardo, mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa, hukatwa nyembamba hadi ikapitisha mwanga, ikalazwa juu ya mkate wa moto, ikayeyuka, mlaji asijue amekula nini.

Mvinyo nao uko ndani ya chungu zaidi kuliko kwenye glasi. Karibu kila risotto huanza kwa kumwagiwa mvinyo mweupe. Kome na chaza wadogo wa kwenye tambi hufunguliwa kwa huo huo. Nyama ya brasato hulala usiku kucha ndani ya mvinyo mwekundu. Tiramisù mara nyingi hutiwa Marsala au ramu, na zabaione haipo bila Marsala. Panna cotta hugandishwa kwa karatasi za jelatini ziitwazo colla di pesce, gundi ya samaki kwa jina, ingawa nyingi zinazouzwa leo zimetokana na nguruwe. Nyama nyingine zote, isipokuwa pale mgahawa unapotamka vinginevyo, hazikuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na kutafuta nyama ya halali katika mgahawa wa nyota za Michelin ni kazi isiyo na matumaini makubwa.

Hata hivyo mlo kamili unapatikana. Samaki wa kuchoma au wa kuokwa na chumvi, tambi za nyanya na mrehani, pesto ya Liguria, pasta alla Norma ya Catania yenye biringani na ricotta kavu, parmigiana ya biringani, caponata, na matunda au sorbetto kwa kumalizia. Hivyo vyote ni vyakula vya fahari, si vya kumwonea mtu huruma. Wenye kujali zaidi wakumbuke kuwa Parmigiano Reggiano na Pecorino Romano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumboni mwa ndama au mwanakondoo. Maneno ya kutumia ni «senza maiale e senza alcol, neanche vino in cottura», yaani bila nguruwe na bila kileo, hata mvinyo wa kupikia. Kipande cha mwisho ndicho cha lazima, kwa sababu kwa mpishi wa Kiitaliano mvinyo uliokauka kwenye sufuria si kileo tena, na atajibu kwa moyo mweupe kuwa hamna.

Walio na mzio wana msaada wa sheria. Tangu Desemba 2014 migahawa yote ya Umoja wa Ulaya inapaswa kumwarifu mteja kuhusu vitu 14 vinavyoleta mzio, vikiwamo ngano, karanga, mayai, maziwa, ufuta na samakigamba. Kwenye menyu mara nyingi huonyeshwa kwa namba ndogo. Alama ya nyota kando ya chakula ni jambo jingine: inaeleza kuwa bidhaa iligandishwa. Kwa samaki anayeliwa mbichi kugandishwa huko ni takwa la usalama dhidi ya minyoo, wala si dalili ya jiko bovu.

Maji hununuliwa kwa chupa, naturale yasiyo na gesi au frizzante yenye gesi. Asiyekunywa kileo husema tu «non beviamo alcolici», na glasi za mvinyo huondolewa bila maswali. Migahawa kadhaa ya juu sasa ina mfululizo wa vinywaji visivyo na kileo wa kuandamana na menyu ya kuonja. Anayekunywa hana haja ya kujifanya mjuzi. Njia ya staha ya kumjulisha sommelier, yaani mhudumu wa mvinyo, kiwango cha fedha mbele ya wageni ni kugusa kwa kidole bei mojawapo katika orodha na kusema anatafuta kitu cha namna hii. Mvinyo kidogo unaomiminwa kwanza ni wa kukagua kama chupa imeharibika, hasa kwa harufu ya kizibo kilichooza. Haurudishwi kwa kuwa haukupendwa. Vyeo vya DOC na DOCG kwenye chupa vinathibitisha mahali na utaratibu, havihakikishi utamu.

Ulaji wenyewe una masharti machache. Tambi ndefu huzungushwa kwa uma peke yake kwenye ukingo wa sahani. Hazikatwi kwa kisu. Huwa na kiini kigumu kidogo, na kuzirudisha jikoni ziive zaidi hakuna faida. Jibini halinyunyizwi juu ya tambi za samaki. Mkate ni wa kuandamana na antipasto na secondo, huja bila siagi, na kupangusia mchuzi wa mwisho kwa kipande cha mkate, ambako nyumbani kwa Mwitalia ni sifa kwa mpishi, katika mgahawa wa hadhi hufanywa kwa staha, au huachwa. Uma na kisu vilivyolazwa sambamba juu ya sahani humwambia mhudumu kuwa mlaji amemaliza. Kuvuta sigara ndani kulipigwa marufuku tangu Januari 2005.

Baada ya kitamu huja kahawa, nayo ni kahawa nyeusi kidogo kwenye kikombe kidogo. Anayesema «un caffè» hupewa hiyo. Cappuccino ni ya asubuhi. Mhudumu ataileta usiku akiombwa, na wageni wengi huiomba, lakini maziwa baada ya mlo wa zamu nne kwa Mwitalia ni tumbo kutafuta ugomvi. Glasi ndogo ya limoncello, grappa au amaro huweza kuletwa kama zawadi ya nyumba. Limoncello, kwa rangi yake na harufu ya limau, hufanana na sharubati. Ni kileo kikali.

Bili haiji yenyewe. Kwa Waitalia, kumletea mtu bili asiyoiomba ni kumfukuza, kwa hiyo mgeni anayesubiri ataendelea kusubiri. Huombwa kwa «il conto, per favore», na husomwa mstari kwa mstari. Coperto ni malipo ya nafasi mezani na mkate, kwa kawaida euro 2 hadi 5 kwa kila mtu, na ni halali ikiwa imeandikwa kwenye menyu. Mkoa wa Lazio, ambamo Roma imo, uliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2006, na ndiyo maana bili za huko mara nyingi huandika pane, mkate, mahali pake. Asiyeutaka mkate anaweza kuukataa unapoletwa. Servizio ni malipo ya huduma, asilimia 10 hadi 15, hasa katika miji ya watalii, nayo pia lazima iwe imetangazwa. Kodi ya ongezeko la thamani, IVA, imo ndani ya bei tayari, na mstari wowote unaoiongeza juu ni wa kuhojiwa.

Palipotozwa servizio hakuna bakshishi nyingine inayodaiwa. Pasipotozwa, bado si lazima, kwani wahudumu hulipwa mshahara. Katika mgahawa wa hadhi aliyeridhika huacha euro 10 au 20, au kama asilimia 5 ya bili kubwa, kwa fedha taslimu, maana mashine nyingi za kadi hazina nafasi ya kuiongeza. Migahawa inapaswa kupokea kadi, na tangu Juni 30, 2022 inayokataa inaweza kutozwa faini, hivyo kisingizio cha mashine iliyoharibika kisimharakishe mtu kukimbilia benki usiku. Mashine ikimuuliza mgeni achague kati ya euro na shilingi, achague euro. Kiwango cha kubadilishia fedha kinachotolewa na mashine kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yake. Risiti huchukuliwa, kwa kuwa bila hiyo malalamiko ya baadaye hayana pa kushika.

Mlo wa usiku humalizika kwenye saa tano au sita, wakati ambapo usafiri wa umma umepungua. Teksi za Italia, nyeupe na zenye kibao juu, kwa kawaida hazisimamishwi barabarani. Huchukuliwa kituoni au huitwa kwa simu. Mgahawa huita kwa niaba ya mgeni na kumpa namba ya gari, ambayo huilinganisha na iliyoandikwa ubavuni kabla ya kupanda. Mita inayoonyesha euro kadhaa kabla gari halijaondoka haijachezewa, kwa kuwa nauli ya kuanzia usiku ni kubwa kuliko ya mchana. Orodha ya nauli huwa imebandikwa ndani ya gari kwa anayetaka kuhakiki.